Daftari la Kichwa na Mama Mkwe

Mwaka jana niliumwa kichwa mpaka nikaanza kuona fahari, maana mjini mtu asiyeumwa kichwa huonekana hana shughuli. Kilibana kuanzia shingoni hadi kwenye paji la uso, kama nimefungwa kilemba na mtu mwenye kisirani. Nikapima malaria, taifodi, presha, macho. Vyote safi. Mimi nauza mapazia Kariakoo nimekunja sura, wateja wanadhani nawachukia, halafu naambiwa niko safi!

Daktari wa zahanati akasema ni misuli ya shingo na mabega inayokaza. Vidonge nisimeze kila siku, navyo vikizidi huleta maumivu. Akanipa kazi ya mwezi mzima: kila siku niandike daftarini kama kichwa kimeuma, nimelala vipi, nimekula nini, nimekunywa maji kiasi gani, na nini kimeniudhi.

Mimi nikasikia hilo la mwisho tu. Jibu nilikuwa nalo nyumbani: mama mkwe, aliyekuja kutoka Moshi kutusalimia wiki mbili, sasa anaingia mwezi wa tano. Mchana anakuja dukani na hotpoti ya mtori wa ndizi na nyama, ananinyang'anya futi na mkasi mbele za watu.

"Kaa ule. Mapazia hayakimbii."

Anayekimbia ni mteja, lakini utamwambia nani? Nilikula kwa hasira, nikaandika: mama mkwe. Kesho yake tena, mama mkwe. Mengine niliyajaza harakaharaka, na sikuwahi kurudi nyuma kusoma.

Nikamwambia mume wangu kwamba mama amekumbuka migomba yake. Akamkatia tiketi ya Jumamosi. Mama hakubisha hata kidogo, nikashangaa.

Alhamisi nikampelekea daktari ushahidi wangu. Akausoma mara mbili.

"Mama, siku ulizoandika mama mkwe, kichwa hakikuuma."

"Haiwezekani."

"Kinauma Jumatano na Ijumaa. Siku hizo huli mchana, hunywi maji, umeinama tangu asubuhi. Yeye huwa wapi?"

Kanisani, na akina mama wenzake. Nilitamani kumpokonya lile daftari.

Nikarudi nyumbani mbio. Nikamkuta mama chumbani, begi limeshafungwa, siku mbili kabla ya safari.

"Mama, usiende. Nimekosea."

Akakaa kitandani. "Daftari lako nimelisoma, mwanangu. Uliliacha juu ya friji. Kila ukurasa ni mimi. Nikasema kama ugonjwa ni mimi, niondoke upone."

Niliona aibu ya kufa. Nikamweleza yote aliyosema daktari, huku nalia kama mtoto. Akasikiliza mpaka mwisho, akanifuta machozi kwa kanga yake.

"Kwa hiyo sasa nimekuwa dawa?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo.

Jumamosi aliondoka vilevile. Nilimbembeleza hadi mlangoni pa basi, akanishika mkono.

"Siku ukinihitaji na kichwa hakikuumi, niite. Nitakuja."