Mashine Katika Chumba cha Asali

Mashine ya kukereza vyuma niliinunua Nzega, kwenye yadi ya chuma chakavu, ikiwa imelaliwa na matairi na kuliwa na kutu mpaka ikafanana na kichuguu. Waliipima kwa kilo kama masufuria mabovu. Mimi niliyeishia darasa la nne nikapiga goti, nikapitisha kidole chini ya kutu, nikajua mle ndani kuna mashine. Jicho hilo sikufundishwa na mtu.

Shida ilikuwa pa kuiweka. Karakana yangu hapa Cheyo, Tabora mjini, sakafu yake ni udongo, na mashine nzito kama ile inataka zege. Kwangu zege lilikuwa chumba kimoja tu, kile ambacho mke wangu anatunzia madumu ya asali anayochukua kwa warina wa Sikonge.

Alikubali kwa sharti. "Baba watoto, nakuazima mpaka asali mpya ifike. Ikifika, hilo dude halijazunguka, linarudi kwenye kilo zake. Madumu yangu hayakai juani mwaka wa pili."

Basi nikafanya kazi. Nilifungua kila nati. Bushi za shaba, zile ambazo mhimili mkubwa unazungukia ndani yake, nilizichonga upya kwa tupa na subira. Mvua zilipoanza, unyevu ukataka kunirudishia kutu, nikachukua nta ya nyuki ya mke wangu, nikaiyeyusha, nikapaka chuma chote. Hata matundu ya kupitishia mafuta kwenye bushi niliyaziba kwa nta, vumbi lisiingie. Mtanitajia fundi gani mwingine Tabora aliyewaza hivyo?

Mvua zikaisha, miombo ikachanua na kupukutisha maua, simu ikaita kutoka Sikonge: asali inafika kesho.

Asubuhi yake nilikuwa chumbani kabla ya jogoo wa jirani. Nta nikaifuta kwa mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa. Vikombe vya mafuta juu ya bushi nikavijaza. Nikatoa mkanda, nikawasha mota peke yake nione inazungukia upande upi, maana ikizunguka kinyume inaweza kufungua kile kichwa cha kushikia chuma kikaruka kama jiwe la manati. Ilikuwa sawa. Nikarudisha mkanda, nikazungusha kwa mkono. Laini kama siagi.

Ndipo akaingia mtani wangu, Mzaramo anayeuza vipuri vya pikipiki ng'ambo ya barabara. Alikuja na shuka jeupe. Akalitandika juu ya mashine, akaanza kulia kwa sauti.

"Jamani, marehemu! Ametutoka kabla hata hajanguruma!"

"Toa uchafu wako hapo," nikamwambia.

"Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba mizigo ya watu kichwani mpaka kwetu Bagamoyo. Leo mmechoka, mnataka chuma kiwabebee? Kitakataa. Kimezoea kulala."

"Na nyie mlikuwa mnatungoja pwani mmekaa kwenye mkeka. Mpaka leo hamjainuka. Njoo uone vikombe hivi. Nimejaza tangu alfajiri, mafuta hayajashuka hata kidogo. Unajua maana yake? Bushi zangu hazivuji."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Hakucheka. Alikuwa anasikilizia lori la asali barabarani.

Nikabonyeza swichi. Mashine ikazunguka, mwendo wa chini kabisa, ikiimba. Mtani akaacha kulia, nami nikasogea pembeni ili aone vizuri. Tukasikia honi ya lori nje.

Mke wangu hakugeuka. Alinyanyua pua.

"Zima."

"Mama watoto, si inazunguka? Sharti limetimia!"

"Zima, nakwambia! Nasikia harufu ya nta inayoungua."

Nikazima. Nikagusa bushi, nikarudisha mkono upesi. Ilikuwa ya moto kama kikaango. Mafuta hayakushuka kwa sababu hayakuwa na pa kupita. Nta yangu ilikuwa bado imekaa kwenye matundu, na mafuta yamekaa juu yake yananitazama. Dakika chache zaidi shaba ingeng'ang'ania mhimili, na hapo ingebaki kilo tu.

Angeweza kunyamaza. Lori lake lilikuwa linapiga honi, na chumba kilikuwa kinamrudia bila ugomvi wowote.

Badala yake alileta spoki ya baiskeli. Tukazibua matundu sote wawili, tukasafisha kwa mafuta ya taa, tukaacha shaba ipoe huku madumu yakishushwa na kupangwa ukumbini. Nilipojaza vikombe tena, mafuta yalishuka taratibu kama mtoto anayenyonya. Nikabana kipande cha chuma kwenye kile kichwa, nikawasha. Nikaweka kiganja juu ya bushi: vuguvugu, basi. Nikasogeza kisu cha mashine, uzi wa kwanza wa chuma ukajikunja ukaanguka sakafuni unang'aa.

Mtani alikunja shuka lake. "Tutalitunza," alisema. "Mwenyewe unazeeka."

"Kazi ya kwanza ni yangu," mke wangu akasema. "Skrubu ya kinu changu cha kukamulia asali imekwisha meno. Na madumu yakikaa ukumbini, wewe ndiye utakayewaeleza wageni."

Nimewaeleza mpaka leo. Na anayeniambia pua ya mke wangu ndiyo iliyookoa mashine, namuuliza: na aliyeichagua pua hiyo ni nani?