Miwani Nisiyo Nayo

Mimi niliyeanza na baiskeli moja ya kubebea mihogo hadi Manyovu, leo nina ekari kumi hapa Kasulu, nilijua hakuna cha kunishtua tena. Juzi akaja binti mtafiti, anauliza habari za kazi, maisha na hali ya hewa. Akaomba tukae ndani. Nikakataa, nilitaka barabara nzima inione nikihojiwa.

"Vibarua unawalipa shilingi ngapi kwa siku?"

Nawalipa elfu nne. Nikajibu saba.

"Na jua likiwa kali kama siku hizi?"

"Wanapumzika mpaka lipoe, na chakula nawapikia."

Akanipa karatasi nihakiki majibu, nitie saini. Kusoma kunanipiga chenga, ila kusema hivyo siwezi. "Miwani nimeisahau, mwanangu. Nisomee kwa sauti."

Alipoanza tu, vibarua wangu wanane wakatokea shambani kunywa maji. Nikakohoa. Nikamkonyeza. Binti akasoma yote, kuanzia elfu saba mpaka chakula.

Mama Zebedayo, mkubwa wao, akatua jembe, akakaa kivulini.

"Bosi, jua limekuwa kali. Tunasubiri chakula."

Binti akanitazama, kalamu mkononi. "Ni kweli, baba, au nifute?"

"Kweli kabisa," nikasema.

Ujira wa siku ile pamoja na ugali na maharage: shilingi elfu sitini na nane.