Rubisi ya Moshi

Kwenye harusi moja Biharamulo mjini nilionjeshwa wiski. Mwenye chupa akatueleza kwa mbwembwe kwamba huko zinakotoka, wiski ya upande mmoja ina harufu ya moshi na ya upande mwingine ni laini, na mnywaji hodari huzitambua bila kuambiwa. Wenzangu walishangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo, maana baba yangu yuko hivyo hivyo kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Kwetu Kibimba, wilayani Ngara, mama alivundika ndizi shimoni, akawasha moto mdogo mlangoni mwa shimo na kupepea moshi uingie ndani. Mtama wa kuchachushia aliukaanga mpaka ukawa mweusi. Rubisi yake ilikuwa kali na nzito. Nilipoolewa Nemba, huku Biharamulo, nikamkuta mama mkwe anafunika ndizi kwa majani makavu tu, na mtama anaupitisha motoni haraka haraka. Yake ni nyepesi, ina utamu kwa mbali. Mwaka wa kwanza niliiita uji, kimoyomoyo. Mwaka wa tatu nilikuwa naagiza kibuyu cha pili.

Baba hakutaka niolewe mbali. Hakugomba. Alisema tu kwamba huko hatakanyaga, na kwa miaka saba hakukanyaga. Hajui hata mlango wangu umeelekea wapi. Iliniuma sana, lakini ukaidi nimeurithi kwake, kwa hiyo sikumbembeleza.

Mwaka jana nikashindwa kuvumilia. Kwetu, binti akirudi kwa baba yake na pombe aliyoitengeneza mwenyewe, inaeleweka kwamba ana ombi. Nikataka impendeze. Nikachimba shimo nyuma ya nyumba, nikapepea moshi mpaka macho yakavimba, nikaunguza mtama. Mama mkwe akasimama kunitazama.

"Mwanangu, unatengeneza rubisi au unachoma mkaa?"

Nikajifanya sijasikia.

Kibimba nilimkuta baba amekaa barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Nikamimina kwenye kibuyu, nikaonja kwanza mbele yake kama inavyotakiwa, nikampa kwa mikono miwili. Akapiga funda moja, akakaa nalo mdomoni muda mrefu.

"Huko kwako mnakunywa hii?"

"Hapana, baba. Ya kwetu ni nyepesi."

Nilijisikia nikisema "ya kwetu" mbele yake, nikainamisha kichwa. Nilidhani nimeharibu kila kitu.

"Hii umeitengeneza kwa woga," akasema. "Moshi umezidi, ndizi haisikiki. Mama yako hakupika hivi."

"Nitakuletea ile ya Nemba."

"Usilete. Nyepesi hiyo itachachuka njiani."

Akaendelea kunywa, akilalamika kila funda, mpaka kibuyu kikaisha. Akanirudishia.

"Mwambie mama mkwe wako avundike ndizi," akasema. "Jumapili ijayo nikifika nataka niikute imeiva."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, nikajifuta kwa kanga, halafu nikampigia simu mama mkwe.