Mume wangu alikwepa sindano ya chanjo, akaenda kuchanjwa kwa wembe

Wakuu, salamu zenu. Na wenzangu wa Eastlands, niaje.

Nimeona mmeanza tena vita vya chanjo humu ndani. Mmoja anasema mwili ni wake na serikali ikae kando, mwingine anamwita mwenzake mjinga. Haya, pumueni kidogo. Ngoja niwape kisa cha nyumbani kwangu Baba Dogo. Siongezi chumvi, maana kilikuja na chumvi yake.

Mhusika ni mume wangu, Baba Wanjiru. Anajua naandika. Amenuna hapo kwa kochi.

Wakati wa corona alikuwa operator kwa kiwanda kimoja cha plastiki huko Industrial Area. Alikuwa na mashine yake ya kutengeneza mabeseni, na ole wako uiguse. Aliiongelea kama mtu anayeongelea ng'ombe wa maziwa. Na kusema kweli ndiyo iliyotulisha, kwa sababu kazi yangu ya kusuka nywele ilikuwa imekufa. Nani anasukwa na hakuna harusi, hakuna kanisa?

Sasa chanjo ikaingia.

Baba Wanjiru hakusoma sayansi, lakini ana simu. Group ya wanaume wa base yao, pale kijiweni wanapopigia stori, ilituma video mchana kutwa. Eti ukidungwa mkono unakuwa sumaku. Eti hutazaa tena. Eti kuna chip.

Nikamwuliza, "Serikali ikuwekee chip ikufuate wapi? Wewe ni kazini, nyumbani, na kwa butchery."

Akanijibu kwamba mimi sielewi mambo makubwa.

Akaamua kufanya utafiti wake mwenyewe. Hapo chini ya ploti yetu kuna Mama Halima anayeuza mahamri, watu wao walitoka Pwani zamani, na yeye ndiye aliyechanjwa wa kwanza ploti nzima. Bwana wangu akashuka na kijiko cha chai, akamwomba mkono, akakibandika.

Kikanata!

Haki ya Mungu, kikanata. Akakipiga video, akapanda ngazi mbio kama mtu aliyegundua mafuta. Nyuma yake Mama Halima anapanda pia, unga umemfika kwenye kiwiko.

"Baba Wanjiru, mkono wa mtu anayekanda mahamri tangu alfajiri utaacha kunata? Hebu njoo ukibandike na kwenye meza yangu, kisha uniambie nayo ilichanjwa lini."

Ploti yote ilicheka. Yeye hakucheka. Video aliituma kwa group hivyo hivyo, bila mahamri. Inawezekana hata wewe uliipata, ukaiamini.

Baada ya hapo kiwanda nacho kikaja na yake. Tangazo likabandikwa kwa gate: ASIYECHANJWA HAINGII KAZINI.

Hapa niseme ukweli, hata mimi nilikasirika. Hicho ni kiwanda ambacho hakijawahi kumpa mtu glavu. Watu walikula lunch wamebanana kwa korido wakipumuliana kwa sahani. Leo kinapenda afya yao kuliko mama zao waliowazaa? Lakini hasira hailipi nyumba. Nikamwambia aende adungwe yaishe.

"Mwili ni wangu," akasema. "Katiba inanilinda."

"Basi iambie ije ipike ugali."

Tuligombana wakuu, tena vibaya. Nilimwita majina ambayo siwezi kuandika hapa, watoto wanasoma.

Halafu Jumamosi moja akaingia nyumbani anatabasamu. "Mama Wanjiru, nimechanjwa."

Nilipiga vigelegele. Nilipika chapati siku hiyo, na unga ulikuwa umepanda bei. Nikamwekea na nyama. Nikamwambia avue shati nione kama pamevimba, nimkande.

Akavua.

Nilichoona ni chale. Mistari ya wembe imepangwa kwa bega la kushoto, imepakwa unga mweusi kama masizi ya sufuria.

Kumbe alikuwa ameenda Mukuru kwa Njenga kwa mzee mmoja wa dawa za miti. Nikamwuliza hiyo ni chanjo ya wapi. Yeye akanieleza polepole, kama anamwelezea mtoto: "Wameandika kuchanjwa. Hawakuandika kuchanjwa na kitu gani. Kuchanjwa ni kuchanjwa. Kiswahili kiko upande wangu."

Hebu fikirieni. Mtu anakataa sindano mpya inayofunguliwa mbele ya macho yake, sababu yake ni kwamba hajui ndani kuna nini. Nikamwuliza huo unga mweusi nao una nini.

Akasema hiyo ni siri ya mzee.

Nilikula zile chapati peke yangu.

Jumatatu akaenda kazini kifua mbele. Otieno, rafiki yake wa pale kiwandani, ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Soja wa gate alimwomba aonyeshe message ya chanjo kwa simu. Baba Wanjiru akapandisha mkono wa shati. Soja akatazama, akavua kofia, akatazama tena. Akaita wenzake. Supervisor naye akatoka kuona kwa nini watu wamejaa hapo, akainama akachungulia bega la mume wangu.

"Hii ni chanjo ama ni nyama inangojea pilipili?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Supervisor akamwambia arudi akiwa amechanjwa kama binadamu, na asipokuja mashine itapata mtu. Akarudi nyumbani kwa miguu. Alilala akiangalia ukuta.

Siku zilizofuata mkono ukaanza kuvimba. Mara bega linang'aa, mara usaha, mara homa. Hawezi kuinua kikombe. Kicheko changu kiliisha hapo. Mkono wa operator ukiharibika, hiyo ni nyumba nzima imeharibika. Nikamburuta hadi kliniki.

Sista pale akaosha, akapasua, akakamua. Halafu akasema atamdunga sindano ya pepopunda, kwa sababu ya huo wembe. Baba Wanjiru akatoa bega la pili haraka haraka. Hakuuliza imetoka nchi gani. Hakutaja chip. Hakutaja katiba. Nikamwuliza, "Sasa huulizi ina nini ndani?" Akaniangalia kwa macho ya kuniomba ninyamaze.

Sista ndiye aliyeuliza, bila kumcheka: "Lakini baba, chanjo ya bure iko hapa mlango wa pili. Ulipita ukaenda kwa wembe kwa nini?"

Mume wangu akalitazama lile bega la wembe. Halafu akasema: "Sista, gari la kipaza sauti la kutangaza chanjo lilipokuja mtaani, niliuliza swali moja tu. Nikisikia vibaya baada ya sindano, naenda wapi? Nikaulizwa kama mimi ni daktari, watu wakanicheka. Kazini nikaonyeshwa mlango. Nyumbani nikatukanwa. Yule mzee alinipa kiti na chai, akaniuliza naogopa nini."

Hapo iliniuma. Huyo wa kumtukana nyumbani ni mimi.

Sista akavuta stuli, akakaa. Akamwambia aulize yote. Na Baba Wanjiru akauliza yote, hadi ya kuzaa, hadi ya kijiko. Sista akajibu moja baada ya nyingine. Kuna moja akasema, "Hilo bado linachunguzwa, mimi sina jibu kamili."

Tukiwa njiani mume wangu akaniambia, "Huyo anajua kazi yake. Umemsikia akisema hajui?"

Mngetarajia kisa kiishie hapo, sivyo? Mtu ameelimika, amepata dawa, amerudi kazini. Mnafikiri hii ni Nairobi gani?

Mume wangu akiwa bado na bandeji, kiwanda kilipata order kubwa ya mabeseni. Bosi akahitaji mikono. Tangazo likatolewa kwa gate bila neno, kwa utulivu kabisa, kama vile virusi vimeomba leave. Walewale waliofungiwa nje wakaitwa waje haraka. Otieno, ambaye hakudungwa na hakukatwa, ambaye alikaa tu kwake akicheza draft, alirudi kazini asubuhi hiyo hiyo.

Baba Wanjiru hangeweza. Alikuwa hana mkono.

Bega lilipopona, alipita kliniki kwanza. Mwenyewe, bila kusukumwa, bila tangazo, wakati hata mimi nilikuwa nimechoka kumwambia. Akachanjwa kwa sindano. Kisha akaenda kiwandani na message yake kwa simu, ameoga, amenyoa, amepiga pasi.

Soja hakuitazama. Akamwambia hiyo siku hizi hatuangalii.

Mashine yake ilikuwa imepewa kijana mwingine. Otieno anasema huyo kijana hajachanjwa mpaka leo, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Mume wangu sasa anabeba saruji kwa mjengo, kwa lile bega la kulia lisilo na chale.

Funzo langu ni hili, na mkitaka mnipige mawe. Chanjo ilikuwa sawa. Mimi nilidungwa, watoto wamedungwa, na hakuna kijiko kilichoninata. Lakini ukimlazimisha mtu jambo zuri huku ukimcheka, usishangae akimkimbilia tapeli mwenye adabu. Na wewe unayelia uhuru wa mwili, uliza kwanza kama unaelewa unachopakwa.

Haya, uwanja ni wenu. Wa chanjo na wasio wa chanjo, karibuni, lakini msimtukane Baba Wanjiru. Ameacha kununa, amekuja kusimama nyuma yangu, na anasoma kila mnachoandika.