Nilivyochagua library ya kuvuta data, ruracio na matanga vikagongana kwenye sufuria moja

Wakuu, salamu kutoka Buruburu. Sogeeni karibu, sina haja ya kuongeza chumvi, yaliyotokea yanatosha.

Mimi ni developer. Kuna kikundi cha akina mama huku Eastlands chenye hema na zile sufuria kubwa za sherehe. Niliwajengea page: unaona Jumamosi gani iko wazi, unabook, basi.

Kwa kuvuta data nilikuwa na njia mbili. Fetch ya kawaida, ambayo kila ukifungua page inauliza server, na mtandao ukikosekana inakwambia imeshindwa. Au library, yaani code iliyoandikwa tayari na wengine, yenye cache, inayokuonyesha kwanza ilichohifadhi, halafu inauliza server kimyakimya na kurekebisha.

Nikachukua library. Kusema ukweli niliipenda. Hakuna kile kiduara cha kuzunguka. Tarehe zinatokea tu, taratibu, na mimi nimekaa kwa balcony na chai nazitazama kama mtu anayetazama mvua.

Tatizo ni kwamba kwetu kuna Wi-Fi.

Mnajua watu wetu na bundles. Unawasha data, message zinaingia, unazima. Mengine unasoma ikiwa imezimwa. Mama Njeri, mwenyekiti wa kikundi, anakaa Kaloleni na ndivyo anavyotumia simu yake.

Dada yangu Wambui alikuwa na ruracio, ile sherehe ya Kikuyu ya kuleta mahari. Nikabook Jumamosi yake kwenye page.

Wiki hiyo hiyo mume wa Mama Otieno, jirani ya Mama Njeri, akafariki. Familia ikaomba sufuria za kulisha waombolezaji kabla ya kusafirisha mwili nyumbani kijijini. Mama Njeri akafungua page, data imezimwa. Cache ikamwonyesha mambo ya juzi, Jumamosi iko wazi. Akawakubalia.

Ijumaa asubuhi nikaenda kuchukua sufuria. Nikaelekezwa kwa Mama Otieno. Zilikuwa zimeoshwa, zimeinamishwa juani uani. Nilizitazama nikahisi niko mbali sana na mwili wangu.

Kesho yake wazee wa upande wa kijana wanakuja, na sisi hatuna cha kupikia. Nilipiga simu kila mahali, kila sufuria ina wenyewe.

Nikampigia Wambui. Akasema, "Waachie. Msiba hauahirishwi. Yetu tutasogeza."

Nilijua analia. Siku hiyo aliingoja kwa miaka, na niliyeivuruga ni mimi, na library yangu nzuri.

Mama Otieno alikuwa mlangoni, amesikia yote. Mimi nikaanza pole, pole sana Mama. Akanikatiza.

"Sasa mtu apeleke wageni wapi? Kujeni mpikie hapa. Moto ni huo huo."

Wakuu, ile Jumamosi bado sijui kama niliishi au niliota.

Ukungu wa asubuhi, moshi wa kuni, jua linapita katikati. Shangazi zangu wanamenya viazi vya kuponda mukimo, na kando yao akina mama wanaimba nyimbo za kanisa kwa Kijaluo. Baada ya muda shangazi nao wakaitikia kwa Kikuyu. Hakuna aliyeuliza chakula kipi ni cha furaha na kipi ni cha machozi.

Tukiwa tayari kubeba chakula chetu, Mama Otieno alitoka nje, akafunika sufuria yetu kwa mikono yake mwenyewe.

"Mwambie Wambui wazeeke pamoja," akasema. "Mimi ndoa yangu imeishia hapa."

Ruracio ilifanyika. Watu walikula wakashiba.

Funzo langu ni hili. Usichague chombo cha kuvuta data kwa sababu kinapendeza kwenye Wi-Fi yako. Angalia anayetumia anaishije na simu yake. Picha za hema wacha zikae kwenye cache hata mwezi. Lakini kitu ambacho watu wawili wanaweza kukihitaji siku moja, uliza server kila mara. Siku hizi page yangu ikikosa mtandao haionyeshi tarehe yoyote. Inaandika tu: "Sijui. Washa data."

Kusema hujui si aibu. Hata mimi, mbele ya yule mama na kile kifuniko, sikujua la kusema, nikainamisha kichwa.

Nyinyi mngechagua nini? Nikosoeni, niko hapa nasoma.