Mpishi wa Tunduma aliyekataa bafe ili mkwe naye ale

Ukungu bado umekaa juu ya mabati ya mtaa wa Sogea, na Tabita Nzunda anafukuza moshi machoni kwa ncha ya khanga. Mbele yake sufuria zinatokota juu ya mafiga. Pembeni, juu ya turubai, zimepangwa hotipoti za kila rangi. Anachukua moja, anaimiminia maji ya moto, anaitikisa na kuyamwaga, kisha anaijaza viazi vitamu vinavyofuka mvuke na kukaza kifuniko.

"Ukiweka chakula cha moto kwenye hotipoti ya baridi umejidanganya," anamwambia Judith, msaidizi wake. "Ipashe kwanza. Ndiyo itakutunzia."

Leo Tabita (47), mzaliwa wa Itaka, anapika chai ya saa nne ya familia mbili. Mzee Lusubilo Kibona wa Ileje amemwoza binti yake wa mwisho kwa akina Silwimba wa Ndalambo, na koo zimekuja Tunduma kutambulishana. Wapo na ndugu kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Ukiwajumlisha na watoto, wanapita mia mbili.

Asiyejua asidhani chai ya saa nne ni kikombe na andazi. Mtu wa Ileje ameondoka kwake kungali giza, wa Ndalambo vivyo hivyo, na wote wanataka kulala makwao. Chakula hicho ndicho cha asubuhi na ndicho cha mchana. Kikikosewa, hakuna kingine cha kufuta aibu.

Na Tabita amewahi kukosea. Ajabu ni kwamba siku hiyo alisifiwa.

Ilikuwa mwaka jana, familia hiyo hiyo ya Kibona ilipokusanyika kumshukuru Mungu kwa mzee kupona maradhi. Bafe ndiyo kwanza ilikuwa imeshika kasi mjini, na Tabita akaipanga hasa: meza ndefu yenye kitambaa cheupe, chipsi, mayai ya kukaanga, kuku, kila kitu. Watu wakapanga mstari mmoja, simu zikapiga picha. Sifa zikamlevya.

Baadaye alipokwenda nyuma ya nyumba kumwaga maji, alimkuta Eva, mke wa Joshua, kijana wa mzee Kibona. Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananyonyesha, anabandua ukoko wa wali kwenye sufuria.

"Nikamuuliza, mwanangu, mbona huku, hukupata?" anakumbuka Tabita. "Akasema, 'Mama, baba alikuwa kwenye mstari.' Basi. Nilisikia aibu hadi leo naisikia."

Kwa familia za Kindali, kabila la huko Ileje, zinazoshika mila, mke wa kijana hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, hukata kona. Jina la mzee halitaji, naye mzee halitaji la kwake. Sasa watu hao wawili ukiwapanga mstari mmoja, wapokezane upawa mmoja, mmoja wao ni lazima arudishe sahani. Aliyerudisha ni Eva, na bafe ilipokwisha, ilikwisha kweli.

"Hakuna aliyelalamika," anasema Tabita. "Nami si mgeni wa mila hiyo, dada yangu ameolewa huko huko Ileje. Lakini siku ile nilikuwa natazama meza, sitazami watu."

Alianza kazi hii akiuza chai na vitumbua kwa madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya mpakani, kabla akina mama wa kanisani hawajaanza kumwita kwenye shughuli. Shughuli kubwa moja humwachia kama shilingi laki tatu, akishalipa wasaidizi, kuni na soko. Ipo miezi haitokei hata moja. Mumewe, Zabron, ana shamba dogo la kahawa Itaka, na kahawa hulipa inapotaka yenyewe.

Kwa hiyo Wiliam Kibona, mtoto wa ndugu yake mzee na mwenyekiti wa kamati, alipomletea kazi ya leo na kusema "bafe kama ile ile, mama," jibu lake lilimshtua hata yeye mwenyewe.

"Nilimwambia, bafe sipiki. Kila kaya ikae meza yake, na hotipoti zake. Kama ni bafe, tafuteni mwingine."

Wiliam hafichi kwamba alikasirika. "Niliona anatushusha. Wakwe wanatoka mbali, halafu tuwape hotipoti kama wagonjwa wodini? Nikamwuliza, si umpelekee tu Eva sahani yake jikoni? Akaniambia jikoni ndiko alikokula mwaka jana." Alikwenda nyumbani amenuna, akamsimulia mama yake, Ikupa. Mama akamwuliza swali moja: yeye mwenyewe alipokuwa mke mgeni, Wiliam anadhani alikuwa anakula wapi? Kesho yake Wiliam akarudi Sogea kukubali.

Bafe ilipoondoka, menyu nayo ikabidi ibadilike. Chipsi zikafa, maana ndani ya hotipoti zinalegea zinakuwa kama zimelowa mvua. Mayai ya kukaanga nayo yakaachwa, yakaja ya kuchemsha. Tabita akajaribu kila chakula nyumbani kwake, anakifungia, anakwenda sokoni, anarudi kukionja. Vilivyofaulu ni viazi vitamu, magimbi, ndizi za Ileje na maharage ya karanga, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa, na kuku wa mchuzi. Kwa wazee na watoto kuna uji wa ulezi. Maparachichi yatakatwa hapo hapo mezani.

Inafika saa nne. Maturubai mawili yamefungwa uani kwa Wiliam, na katikati yake limening'inizwa pazia la khanga za harusi. Mgeni angedhani ni pambo. Huku yuko mzee na wenzake. Kule yuko Eva na watoto wake, uso umeelekea bustani, mbele yake hotipoti zile zile alizopelekewa kila mtu. Sala inafanyika, vifuniko vinafunguliwa, mvuke unapanda.

"Natotela, bamayo!" shangazi mmoja wa Nakonde anashukuru, mdomo umejaa ndizi.

Lakini meza ya mzee Kibona imekaa kimya. Hotipoti hazijaguswa. Mzee amekunja mikono, na asipoanza yeye, wazee wenzake hawawezi kuanza. Wiliam anamtazama Tabita kwa jicho la "nilikwambia". Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Sifa zote za mwaka jana haziwezi kumwokoa sasa. Tabita anakausha mikono, anakwenda, anapiga goti.

"Shikamoo, baba. Kuna kilichopungua?"

"Marahaba." Mzee anatazama pazia, kisha anatazama chini. "Watoto wa Joshua wamepata?"

Tabita anaelewa kwamba mwaka jana, katika mstari ule, mzee naye aliona sahani ikirudishwa, na hakuwa na mdomo wa kusemea.

"Wamepata, baba. Na mama yao anakula. Amepakua mara ya pili."

Mzee anaitikia kwa kichwa, anafungua kifuniko, anachukua kiazi.

Nyuma ya nyumba, Tabita anakaa juu ya ndoo na kulia kidogo, kisha anacheka. Hotipoti hizi nyingi ni za kuazima kwa akina mama wa kanisani, anasema, na mpango wake ni kununua zake mwenyewe, kidogo kidogo, kila shughuli moja au mbili. Akina Silwimba wameshamuuliza habari za shughuli yao ya mwezi wa nane.

"Huko Ndalambo sizijui mila zao zote," anasema akisimama, maana maji ya kuoshea yamechemka. "Nitakwenda mapema. Kabla sijauliza mnataka kula nini, nitauliza nani hali na nani."