Siku Nilipoipaka Memori Mafuta

Enzi zetu kompyuta ilikuwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima haachwi uchi. Yetu, pale mtaani Komarock, ilivalishwa vitambaa vya kufuma kwa mkono: kimoja juu ya skrini, kingine juu ya kibodi, cha tatu juu ya lile sanduku lenyewe. Mama alivifua kila Jumamosi, akavitia wanga, akavipiga pasi. Baba, ambaye alikuwa karani mjini, aliletewa mashine hiyo na bahati: ofisi yao ilinunua mpya, na wafanyakazi wakapewa zile kuukuu. Alifika nayo imefungwa ndani ya blanketi. Majirani walikuja kuitazama kama mtoto mchanga, na Mama Brayo wa nyumba ya pili akaja na mkate.

Ilikuwa nzito kuamka, hiyo mashine. Ukiiwasha ungeweza kwenda dukani kununua maziwa, uruke bladaa, ule mchezo wa kamba ya mpira, raundi mbili njiani, urudi uikute bado inakoroma. Hatukuona shida. Siku hizi binti yangu Ndinda, simu yake ikikwama kidogo tu, anapumua kama mtu aliyefiwa. Sisi tulingoja tukiwa nje, tukicheza kati, mmoja akikwepa katikati mpira wa makaratasi ya maziwa, midomo ikiwa myekundu kwa mabuyu, mpaka mtu apige kelele dirishani kwamba imewaka.

Mama alikuwa na sheria nyingi, lakini kubwa ilikuwa ya mafuta. Ungeweza kutoka na kiatu kilichotoboka au sweta ya dada yako, lakini hungetoka mkavu. Alikushika mlangoni, akachota yale mafuta ya kukamulia ng'ombe kutoka kwenye kopo, akakupaka uso, magoti na viwiko mpaka ukang'aa. "Hakuna mtoto wangu atatoka hapa akiwa amepauka," alisema. "Mnataka watu waseme hamna mama?" Nami nilikuwa na pambo langu la ziada. Kwa sababu nilikuwa nimepoteza raba mbili za kufutia katika wiki moja, Mama aliitoboa ya tatu, akaitia uzi, akanivisha shingoni. Nililala nayo na kuamka nayo.

Sasa, Mama alikuwa mwalimu wa kwaya kanisani. Alikuwa ametunga nyimbo kumi na mbili kwa Kikamba, na likizo nzima alizipiga chapa kwa vidole viwili, herufi moja moja, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Daftari alimokuwa ameziandika lililowa kwenye mvua, wino wote ukatoka, basi nyimbo zikabaki mle ndani ya mashine tu. Jumapili kanisa lingekuwa na sherehe, na wanakwaya walikuwa wakingoja maneno. Jumamosi asubuhi Mama akafungua kazi yake, na mashine ikaganda. Akazima, akawasha. Ikaganda tena.

Baba alimwita Otieno, kijana wa Mowlem, mtaa jirani, aliyetengeneza redio na televisheni za mtaa mzima. Otieno akavua vitambaa kimoja kimoja kwa adabu, akafungua sanduku, akachungulia.

"Mathe, usiwe na wasi. Mashine iko fiti, ni memori ndio kidogo. Tukiongeza, hii kitu itaruka."

Alikwenda mjini akarudi saa sita na kipande cha memori ya mitumba kimefungwa kwa gazeti, chembamba, chenye meno madogo ya dhahabu upande mmoja kama kichana. Akakiweka mezani. Kabla hajakifunga jirani akamwita, televisheni yake inatoa moshi. "Narudi sahii," akasema. "Msikiguse."

Mama alikuwa jikoni akisonga ugali. Nikakifunua. Jamani, kilikuwa na hali mbaya! Vumbi tupu, na yale meno yamefifia, yana weupe weupe kama magoti yangu siku za Julai. Kitu cha kwenda kuishi ndani ya kompyuta yetu, tena kuzishika nyimbo za Mama, kiingie hivyo? Nilijua la kufanya, maana nilikuwa nimelelewa vizuri. Nikaleta kopo. Nikakipaka taratibu, kila jino, mpaka kikang'aa. Nikakirudisha ndani ya gazeti nikiwa nimefurahi sana.

Otieno akarudi, akaitoa memori ya zamani, akakichomeka hicho mahali pake akijaribu kwanza, akawasha. Mashine ikalia pii, pii, pii. Skrini nyeusi. Akakitoa, akairudisha memori ya zamani palepale. Pii, pii, pii. Hata kule kuganda kwetu sasa kulikuwa kumetushinda.

"Otieno," Mama akasema polepole, "nyimbo zangu ziko wapi?"

Otieno alikuwa akisugua vidole vyake. Akavinusa. "Mathe, samahani. Hii memori imepakwa mafuta?"

Baba akamtazama Mama, Mama akamtazama Baba. Moyo wangu ulidunda mpaka nikahisi raba ikicheza kifuani. Ningeweza kunyamaza, wallahi, lakini ile sauti ya Mama akiuliza nyimbo zake sikuweza kuivumilia. "Ni mimi," nikasema, nikaanza kulia. "Ilikuwa imepauka, Mama."

Nilingoja kofi. Mama alifunika uso kwa leso, mabega yakatikisika, nikadhani analia kwa sababu yangu. Kumbe anacheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Otieno akaomba pamba, spiriti na mswaki wa zamani. Akasafisha mahali pa kuchomeka. Kisha akanitazama shingoni. "Mtoi, leta hiyo raba." Nikainama bila kuivua, naye akasugua yale meno ya dhahabu kwa raba yangu, uzi ukiwa bado shingoni mwangu, mpaka mafuta yote yakatoka. Akazichomeka zote mbili. Akawasha. Pii moja tu. Kabla hata sijapangusa kamasi, nyimbo zote kumi na mbili zilikuwa pale. Mama alizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na Jumapili kanisa liliimba.

Siku hizi mashine nyingi zimezibwa, huwezi hata kuona ndani. Ikichoka unatupa, unanunua nyingine, na fundi hajui jina la mama yako. Lakini mwezi uliopita tulienda Komarock na Ndinda kuongeza memori kwenye kompyuta ya Mama, ambayo bado inavaa kitambaa. Ndinda alikuwa amekishika kipande kipya kwa ncha za vidole, akifuata video kwenye simu. Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, akaniuliza kutoka kwenye kochi, "Mutheu, mmekipaka?"

Tulicheka mimi na yeye mpaka Ndinda akaudhika. Kisha nikaona mikono ya mama yangu ilivyokauka, nikaenda kuchukua kopo.